Viungo Vilivyosagwa Ng'ambo

Nimepewa nafasi jioni hii nizungumze hapa redioni juu ya tijara, na katika tijara nimechagua bidhaa ambayo kwa uzito wake ni kitu kidogo mno katika shehena zinazoingia nchini, lakini ambayo ni nadra kuona jiko, la tajiri au la maskini, likipitisha juma zima bila ya kuigusa. Nayo ni unga wa viungo: manjano, bizari ya mchuzi, pilipili manga, jira, dania, mdalasini, iliki na tangawizi kavu, vilivyosagwa na watu tusiowajua, katika viwanda tusivyoviona, vikaletwa kwetu ndani ya magunia na vifuko.

Naanza na sisi walaji. Katika sensa ya 2019 kaunti yetu ya Kajiado ilihesabiwa watu 1,117,840, na mji wa Kitengela peke yake ulikutwa na wakazi zaidi ya laki moja na nusu, mahali ambapo kizazi kimoja tu nyuma palikuwa malisho ya ng'ombe na mapito ya nyumbu waliotoka mbuga ya Nairobi kufuata majani mapya katika uwanda wa Athi na Kaputiei. Ranchi ya pamoja ya hapo ilipogawanywa katika miaka ya 1980, na viwanda vya kutengeneza bidhaa za kuuza nje vilipojengwa Athi River baada ya sheria ya 1990, ardhi iliuzwa kipande baada ya kipande, nyumba za kupanga zikasimama juu ya ule udongo mweusi unaonasa magari wakati wa masika, na pamoja na watu zikaja sufuria zao: Mkamba na muthokoi, Mluo na samaki, Msomali na wali wake unaonukia iliki, Mpwani na pilau, na Mkikuyu ambaye huenda mama yake alipikia chumvi na dania mbichi tu, lakini yeye mwenyewe hawezi tena kuandaa mchuzi wa Jumapili bila ya kijiko cha bizari. Ukiiacha hiyo dania mbichi ya bustanini, katika viungo nilivyovitaja hakuna kinachostawi kwa kiasi cha kuuza katika uwanda huu wenye mvua chache. Tunakila tusichokilima, na wala hilo si kosa. Miji mingi ya duniani iko hivyo.

Wenyeji wa uwanda huu, Wamaasai, walikuwa na bado wana viungo vyao, magome na mizizi ya miti kama olkiloriti na oloisuki, ambayo huchemshwa pamoja na supu ya nyama ili kuipa ukali na, kwa itikadi yao, kuutia mwili nguvu. Mzee apikaye supu ile huujua mti kwa jina, ameuona umesimama, na gome amelibandua yeye au mwanawe. Hapo hadaa haina pa kuingilia, kwa kuwa hapana masafa kati ya mti na chungu.

Masafa ya jira ni mengine kabisa. Pakiti ya unga wa jira inayouzwa Kitengela kwa shilingi 10 au 20 aghalabu imeanza safari yake katika jimbo la Gujarat, huko Uhindi, ambako mji wa Unjha ndio soko kuu la zao hilo. Manjano hutoka katika masoko kama Erode na Nizamabad. Pilipili kali hutoka Guntur. Pilipili manga siku hizi huenda ikawa imevunwa Vietnam, nchi iliyozipita zote kwa kuiuza ng'ambo, na iliki huenda ikawa ya Guatemala, upande wa pili wa dunia. Kutoka kwa mkulima bidhaa hupita kwa dalali, kwa msagaji na kwa tajiri wa kusafirisha, ikapakiwa kontena katika bandari ya Mundra au Mumbai, ikateremshwa Mombasa, ikapanda reli hadi bohari ya makontena ya Embakasi, ikanunuliwa na mwenye ghala wa Nairobi, ambaye hupasua magunia na kuipima upya, na kwake huyo akaja kuinunua mwenye duka la jumla wa Kitengela, na kwa mwenye duka la jumla akaja mwenye kibanda cha mtaani, na ndipo, baada ya mikono yote hiyo, ikamfikia mama ambaye mafuta yake yamekwisha pata moto jikoni.

Kila mmoja katika msafara huu huiweka bidhaa kwa majuma au miezi kabla ya kuiachilia, na kwa sababu soko la mwisho ndilo dogo kuliko yote, hapo ndipo inapokaa zaidi. Harufu na ladha ya kiungo ni mafuta mepesi yaliyofungiwa ndani ya mbegu, gome au mzizi. Kikiwa kizima, kiungo huyahifadhi mafuta hayo kwa miaka 3 au 4, lakini kikisagwa mafuta huanza kuruka hewani siku ile ile, na baada ya mwaka mmoja au miwili, au mapema zaidi kikikaa penye joto na mwanga, kinachobaki ni rangi na vumbi. Sasa fikirini kibanda cha mabati kando ya barabara ya Namanga, saa nane mchana, mwezi wa Februari, pakiti zimetundikwa mlangoni zikitazama jua. Mpishi hutia kijiko kimoja asione ladha, akaongeza cha pili, kisha cha tatu, na ile bei nafuu aliyoifurahia dukani huilipa jikoni pasipo kujua kwamba ameilipa.

Uchakavu, hata hivyo, ni aibu ndogo. Aibu kubwa ni ghushi, nami nataka tukae hapa kitambo.

Kiungo kizima kina uso wa kutazamwa. Pilipili manga nzima humwagwa kiganjani, na ikiwa imechanganywa na mbegu za papai, mwenye shaka huitia katika bilauri ya maji, kwani mbegu za papai zilizokauka huelea na punje nzuri ya pilipili huzama. Fimbo ya mdalasini wa Ceylon, ambao ndio huo huo uliopandwa Unguja na Usambara, ni matabaka membamba yaliyoviringishwa pamoja na huvunjika kwa vidole. Kasia ya China au ya Indonesia ni gome moja nene, gumu, lenye ukali wa pua. Mtu asiyejua kusoma wala kuandika anaweza kuzibagua hizi mbili gizani. Lakini viweke vyote kinuni ukavisage, na hapo hata mjuzi wa miaka 40 hana la kusema isipokuwa kwa msaada wa maabara, maana unga huchukua rangi ya aliyeutia rangi na uzito wa aliyeutia uzito.

Mifano iko mingi, na haikutoka katika vijiji vya gizani. Mnamo 2005, huko Uingereza, mamia ya vyakula viliondolewa madukani baada ya kugunduliwa kwamba unga wa pilipili uliotumika katika sosi moja ulitiwa Sudan 1, rangi ya viwandani inayotumiwa kutilia rangi nta na mafuta, na inayoshukiwa kuleta saratani. Mwishoni mwa 2023, huko Marekani, mamia ya watoto wadogo walikutwa na madini ya risasi katika damu kwa kula tufaha zilizopondwa na kutiwa mdalasini. Ulipofuatwa mdalasini ule nyuma, njia ilifika Ecuador, mahali uliposagwa, na magome mazima yaliyotoka Sri Lanka yalipopimwa hayakuonekana na dosari ile. Maana yake ni kwamba mti haukuwa na hatia wala mkulima hakuwa na hatia. Risasi iliingia baada ya kinu kuanza kuzunguka.

Ningependa nikomee hapo, maana hadithi hiyo inaipendeza hoja yangu, lakini insafu hainiruhusu. Huko Bangladesh watafiti walitangaza mwaka 2019 kwamba kromati ya risasi, rangi ya manjano inayong'aa ambayo kazi yake halali ni kupaka fanicha na mitambo, ilikuwa ikisuguliwa juu ya mizizi mizima ya manjano wakati wa kuing'arisha, desturi iliyoota katika miaka ya 1980 baada ya mafuriko kuyafanya manjano yapoteze mng'ao na wanunuzi kuyakataa. Kwa hiyo uzima wa kiungo peke yake si dhamana. Risasi haina ladha wala harufu, haiondoki kwa kuchemshwa, na madhara yake makubwa huangukia ubongo wa mtoto, polepole, pasipo homa wala kutapika kwa kumtahadharisha mzazi. Ule mtihani wa bilauri ya maji ambao watu hufundishana majumbani unaweza kufichua unga wa mbao au rangi nyepesi inayoyeyuka. Kromati ya risasi hauifichui.

Lakini habari ya Bangladesh haikuishia hapo, na mwisho wake ndio ulionifanya nichague mada hii. Serikali ya huko ilitangaza hatari ile magazetini na katika televisheni, ikabandika matangazo sokoni, ikavamia soko kuu la jumla mjini Dhaka kwa mashine ya kupimia, ikawatoza faini wauzaji, na sampuli zenye risasi, ambazo 2019 zilikuwa karibu nusu ya manjano ya sokoni, zilipopimwa tena 2021 hazikuonekana. Miaka 2 tu ilitosha kuing'oa desturi ya miaka 30, na kilichoing'oa ni mtu mwenye kipimo aliyesimama mbele ya gunia, sokoni, mchana, watu wakiona.

Nauleta mfano wa pili, ulio karibu zaidi na hali yetu. Hong Kong na Singapore ni miji isiyolima karibu kitu chochote. Utegemezi wao wa bidhaa za nje unaupita wetu kwa mbali. Mwezi wa Aprili 2024 wakaguzi wa Hong Kong, katika ukaguzi wao wa kawaida, walichukua pakiti za bizari kutoka maduka ya rejareja, wakazipima, wakakuta ethilini oksaidi, gesi ya kuulia vijidudu ambayo wao hawaikubali katika chakula, katika bidhaa kadhaa za kampuni mbili mashuhuri za Uhindi. Wakaamuru ziondolewe, Singapore nayo ikaondoa moja, na baada ya siku chache jambo lile likawa gumzo Uhindi kwenyewe, hata mamlaka ya huko yakaanza kukagua viwanda vyao. Kampuni zile zilikanusha, nami si kadhi wa kuzihukumu. Ninalolishika ni hili: soko dogo lisilolima karibu chochote liliuliza swali moja dukani, na nchi inayozalisha viungo vingi kuliko zote duniani ikalazimika kujibu.

Na sisi je? Tusiseme hatuna sheria. Sura ya 254 ya sheria za Kenya inakataza kuuza chakula kilichoghushiwa. Shirika la Viwango, KEBS, tangu 2005 lina utaratibu wa bidhaa kukaguliwa katika nchi zinakotoka kabla ya kupakiwa, na shehena iliyofaulu hupewa hati; nalo shirika la afya ya mimea, KEPHIS, hutoa kibali cha kuingiza mazao ya mimea na kuyatazama yanapofika. Haya yote ni mema, na yamezuia mengi. Upungufu wake, kwa maoni yangu, ni kwamba jicho la serikali limekazwa bandarini, ilhali ghushi na uchakavu huzaliwa pia baada ya bandari, katika ile ghala ambamo gunia la kilo 25 hupasuliwa na kugawanywa katika vifuko visivyo na jina la mtu, wala tarehe, wala nchi. Zamani vifuko hivyo vilikuwa vya nailoni na vilifungwa kwa moto wa mshumaa; marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 28 Agosti 2017 iliwatia hofu waliovifunga, ingawa mwenye macho bado huviona vichochoroni. Hati iliyosafiri na shehena kutoka Uhindi haiingii ndani ya kifuko kile.

Wala hatari si rangi tu. Watu wa Makueni na Kitui, walio upande wetu wa mashariki, hawajaisahau 2004, ambapo watu 125 waliiaga dunia kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Kuvu ile ile hupenda pilipili, manjano na tangawizi iliyoanikwa nusunusu. Mtu hali kilo ya pilipili kama alavyo kilo ya ugali, na hiyo ndiyo nafuu yetu; lakini hula kidogo kila siku, na watoto hula pamoja naye.

Bei nayo nitaigusa kwa ufupi, maana kila mmoja wenu aliihisi mfukoni. Mnamo 2023 mavuno ya jira yalipokuwa haba huko Gujarat, na mvua zikanyesha wakati wa kuvuna, bei katika soko la Unjha ilipanda hadi kuzidi rupia 60,000 kwa kila kilo 100, bei ambayo haikuwahi kuonekana. Mwaka ule ule shilingi yetu ikawa inaporomoka, kutoka yapata 123 kwa dola moja mwezi wa Januari hadi kupita 160 mwanzo wa 2024. Juu ya hayo yako mambo ya forodha: mawaziri wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walipoweka daraja jipya la ushuru la asilimia 35, lililoanza Julai 2022, kahawa, chai na viungo viliingia katika makundi ya bidhaa zilizotajwa, kwa nia ya kumlinda mkulima wa hapa, kisha hufuata ada ya tamko la uingizaji ya asilimia 2.5, tozo ya reli na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Mwenye duka wa Kitengela hakuulizwa katika lolote. Kilichompasa ni kupunguza gramu ndani ya pakiti, shilingi 10 ikabaki shilingi 10, na mteja akaona bei haikupanda.

Hizi ndizo hasara za kuwa mwisho wa njia. Lakini Kajiado, tofauti na miji mingine iliyo mwisho wa njia, ina mlango wake wa pili, na mlango huo umo ndani ya kaunti yenyewe.

Namanga iko yapata kilomita 130 kutoka Kitengela, kwa barabara nzuri ya lami. Ng'ambo ya mpaka kuna Tanzania, nchi inayolima karibu kila kiungo ninachokitafuta: iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga za Amani na Muheza katika milima ya Usambara ya Mashariki, mdalasini na karafuu za milima ya Uluguru, Morogoro, tangawizi ya Mamba Miamba, wilayani Same, ambako maji ya mlimani yamewafanya wakulima kuwa mabingwa wa zao hilo, na nyuma yao visiwa vya Unguja na Pemba, ambavyo tangu zama za Seyyid Said vimeitwa visiwa vya karafuu. (Karafuu ya Zanzibar haiuzwi ovyo, kwa kuwa shirika la serikali la huko, ZSTC, ndilo lenye haki ya kuinunua kwa wakulima, na ndiyo sababu ya ile karafuu ya magendo ambayo kwa miaka mingi imevuka usiku kwa mashua hadi pwani yetu, sisemi hivyo ili mtu aige.) Bidhaa iliyozaliwa ndani ya Jumuiya haitozwi ule ushuru wa asilimia 35. Na mchuuzi mdogo, ambaye mzigo wake hauzidi thamani ya dola 2,000 na umo katika orodha iliyokubaliwa, hupewa pale pale mpakani cheti chepesi cha asili ya bidhaa, pasipo kuhitaji wakala wa forodha. Kituo cha pamoja cha Namanga, kilichofunguliwa rasmi Desemba 2018 na Rais Uhuru Kenyatta na Rais John Magufuli, kiliwekwa kwa ajili hiyo, ili msafiri asimame mara moja badala ya mara mbili.

Nimesema mchuuzi mdogo, na aghalabu mchuuzi huyo ni mwanamke. Wengi wao bado huogopa jengo lile, wakadhani kwamba penye sare na kompyuta pana hasara, wakapendelea njia za panya, ambako hulipa zaidi ya walichokimbia kulipa na mzigo wao hauna hati ya kuutetea. Ningependa mtu wa idara ya biashara ya kaunti, tena anayezungumza Kimaasai na Kiswahili, aketi Namanga siku za soko na kazi moja tu, kumshika mchuuzi mkono tangu dirisha la cheti hadi dirisha la afya ya mimea. Mshahara wa mtu mmoja si mzigo kwa kaunti.

Viungo vya Tanzania navyo vina ila zake, na mnunuzi hapaswi kuvichukua kwa mapenzi ya ujirani. Pilipili manga huanikwa wakati mwingine juu ya udongo mtupu, ikaja na mchanga na vijiti. Iliki huvunwa ikiwa changa kwa hofu ya wezi. Tangawizi husafirishwa ingali na maji ndani. Anayenunua avunje, atafune, anuse, na kama gunia lina joto ndani unapoingiza mkono, aliache. Jira na mbegu za dania hazitatoka Usambara hata tukiomba. Hizo tutaendelea kuziagiza Uhindi, na nashauri ziagizwe zikiwa nzima. Hivi ndivyo walivyofanya wazee wa pwani karne zote ambazo majahazi ya Kachi na Malabari yaliletwa na kaskazi na kurudishwa na kusi: walinunua vizima, na kila nyumba ilikuwa na kinu chake.

Najua jibu nitakalopewa, na ni jibu la haki. Msichana anayetoka kiwandani Athi River saa kumi na mbili jioni, akapanda matatu, akafika chumbani kwake kwa kupanga akiwa amechoka, hatatwanga jira. Hana kinu, hana nafasi ya kinu, na jirani wa chini angelalamika. Yeye ni mteja wa uchumi wa kadogo: mafuta ya shilingi 20, nyanya mbili, na pakiti ya bizari ya siku mbili. Simlaumu hata kidogo, wala siamini kwamba hotuba ya redio itambadilisha. Ninachokitaka ni kwamba pakiti yake iwe imesagwa Kitengela au Kajiado juma lililopita, badala ya kusagwa ng'ambo ya bahari mwaka uliopita.

Na kwa kazi hiyo uwanda wetu una baraka ambayo watu wa Mombasa wangeinunua kwa dhahabu, nayo ni hewa kavu. Pwani, mwenye ghala hupigana na unyevu mwaka mzima, na mfuko wa manjano uliofunguliwa asubuhi huwa umeshikamana kabla ya usiku. Hapa, ukiondoa majuma ya masika na vuli, mbegu iliyokauka hubaki kavu. Kinachohitajika ni ghala lenye kivuli na paa lisilovuja, na mashine isiyozidi sana ile ya posho. Lakini iwe mbali na ya posho; nimekwisha kula ugali uliosagwa nyuma ya tangawizi ya mtu mwingine, na ingawa watoto waliufurahia, sidhani mwenye mahindi alikusudia. Mashine iendayo kasi hupata moto, na moto huyafukuza yale mafuta mepesi kabla hayajafika pakitini, kwa hiyo msagaji mwenye busara husaga kidogo kidogo, tena alfajiri, wakati baridi ya Kajiado bado inauma mikono. Atahitaji leseni ya kaunti, cheti cha afya cha wafanyakazi, na alama ya ubora ya KEBS kabla ya kuuza kwa pakiti. Kikundi cha akina mama wa Bisil au Isinya, waliozoea kuchangiana, wanaweza kuyabeba haya ambayo mtu mmoja yangemwelemea.

Limebaki la maafisa wa afya wa kaunti. Waingie siku moja katika vibanda vya Kitengela pasipo king'ora, wanunue pakiti kama wanunuavyo watu wengine, za manjano hasa na za pilipili kali, za majina makubwa na zisizo na jina, wazipeleke maabara ya KEBS pale Popo Road, ambayo kwa mtu wa Kitengela ni safari fupi kuliko ya kwenda Namanga, wakaombe zipimwe risasi, rangi na sumukuvu. Kisha wafanye hivyo tena baada ya miezi mitatu, kwani ukaguzi wa mara moja humfundisha mwenye ghushi kungoja tu upite. Matokeo yakipatikana yasifungiwe katika faili. Nimekwisha waomba wenye kipindi hiki, nao wameridhia, kwamba wakati wowote karatasi hiyo itakapoletwa, nitaisoma hapa hewani saa hii hii ya jioni, nzuri kwa mbaya, pamoja na jina la bidhaa na la mtaa iliponunuliwa.